Mama Kaanguka Mara Tatu

Walimwita Fundi Baridi kwa sababu ya mafriji anayotengeneza, si kwa sababu ya tabia. Kwa tabia alikuwa kiguu na njia, mtu asiyekaa wala kutulia, na hata chai yake aliinywa wima. Na tangu mama yake aanze kuanguka, basi tena, hata hiyo chai ilimshinda.

Mara ya kwanza Mama aliteleza bafuni kwenye maji ya sabuni. Hilo halina maswali, sabuni ni sabuni. Lakini wiki tatu baadaye akaanguka koridoni, pakavu kabisa. Jumapili iliyofuata akaanguka tena palepale na kuinuka na shavu limevimba. Mara zote mbili Fundi ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua, maana alikuwa akimpigia simu wakati huohuo. Mama hakupokea, naye akatimua mbio.

"Moyo uliniambia," alimwambia dada yake mkubwa, na tuseme ukweli, alijisifu kidogo.

Dada hakuwa na habari na moyo wa mtu. "Mdogo wangu, Jumamosi nakuja na gari. Mama anahamia kwangu, nyumba tunafunga."

Mama alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja. Dada alipoondoka ndipo alipomwambia mwanawe, "Kule nitawekwa kwenye kochi mpaka nife." Alilisema taratibu, kama anayetaja saa.

Sasa, fundi wa friji ana sheria zake. Hubadilishi vitu viwili kwa mpigo, la sivyo hutajua kipi kilikuwa kibovu. Akachana kipande cha boksi, akaandika kila anguko: siku, saa, mahali. Kisha akaanza kuondoa kimoja kimoja. Jumatatu balbu ya koridoni, akaweka inayomulika kama uwanja wa mpira. Kesho yake zulia. Halafu kandambili, akazitupa na kumnunulia Mama viatu vyenye soli ya kung'ang'ania sakafu. Alhamisi akampeleka kwa daktari, ambaye alipima macho, presha na masikio, akasema huyu mama ni mzima kuliko wewe. Na kila alipokuwa kazini alipiga simu. Asubuhi, saa nne, mchana, alasiri, jioni. "Mama, uko salama?" Niko salama, baba. "Hujaanguka?" Sijaanguka.

Ijumaa alifunga karakana, akaenda kukaa kwa mama yake kutwa nzima na boksi lake mapajani, anamtazama anavyotembea. Mama alipika, akafagia, akamwagilia maua. Alipita koridoni zaidi ya mara ishirini, tena akiruka kizingiti cha chumbani kama msichana. Fundi alijua hali hiyo. Kuna friji linalomsumbua mwenyewe mwezi mzima, fundi akifika tu, linanguruma vizuri. Lakini kutamani friji liharibike si dhambi. Alijikuta anakasirika kwa nini mama yake haanguki, akaona aibu, akasema anakwenda dukani kuchukua balbu ya akiba.

Alitoka, akarudi. Alipofika getini wasiwasi ulimshika, kwamba pengine ni sasa hivi, wakati hayupo. Akatoa simu akapiga, macho yakiwa kwenye mlango ulioachwa wazi.

Simu ya Mama ililia chumbani. Betri yake ilikufa zamani, kwa hiyo iliishi kwenye chaja kando ya kitanda, kwani soketi ya jikoni haikuwa ikifanya kazi tangu mwaka juzi, na mtoto wake ni fundi. Mama aliacha mwiko sufuriani akakimbia. Mwanamke wa miaka sabini na mbili alipita koridoni mbio, mguu ukagonga kizingiti, akapepesuka na kudaka fremu ya mlango kwa mikono miwili. Kisha sauti yake ikaja sikioni mwa Fundi, ikihema.

"Niko salama, baba. Sijaanguka."

Palepale getini Fundi alikata simu. Akafungua orodha ya simu alizopiga, akatafuta siku zile mbili za koridoni, akazilinganisha na boksi alilolibeba kwapani. Zilioana dakika kwa dakika. Akaingia ndani mpaka jikoni.

"Mama, kumbe ni mimi."

Mama alirudi kwenye sufuria yake. "Nisipopokea upesi, unampigia jirani. Jirani anampigia dada yako. Dada yako anakuja analia. Sasa nisikimbie?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza? Wewe uliuliza sakafu." Akakoroga. "Na ningekwambia, ungeacha kupiga."

Miaka ishirini, kitu cha kwanza anachofanya kwa mteja ni kumuuliza mwenye friji tatizo lilianza lini na lilianzaje. Lakini mama yake, Fundi hakumuuliza hata mara moja. Jioni ile alitengeneza soketi ya jikoni na kukisawazisha kizingiti, lakini alijua hiyo si kazi yenyewe.

Jumamosi Dada alifika na gari, na Fundi akamwonyesha boksi na simu. "Hitilafu ni mimi, Dada. Usimhamishe Mama, niondoe mimi." Dada alisoma mara mbili, akamtazama mama yao, na mwishowe akatoa mwezi mmoja, kwa sharti moja: Fundi asipige. Mama ndiye atakayepiga, kila siku saa tatu asubuhi.

Jumatatu saa tatu ilimkuta karakanani, friji la mtu limefunuliwa mgongo, simu juu ya meza. Saa tatu na robo ilipita. Akazunguka meza. Saa tatu na nusu akaishika simu, akaliona jina la Mama. Akairudisha mezani, akaificha chini ya kitambaa. Akazunguka tena. Alimlaani dada yake, akajilaani mwenyewe, kichwani akaona koridoni patupu, na kiatu kimoja sakafuni.

Saa nne kasorobo simu ikalia.

"Nilikuwa kwenye maua," Mama alisema, bila kuhema. "Umekaa?"

"Nimekaa, Mama."

"Mwongo. Kaa kwanza, nakusubiri."

Fundi Baridi alivuta kigoda, akakaa.