Zita Bura na Amri ya Mtu Mmoja

Mwaka 1982 Zita Bura alikuwa bibi shamba kwenye shamba la ngano la serikali, upande wa Balangdalalu. Kazi yake ilikuwa kukagua ugonjwa wa kutu kwenye ngano, na kwa kuwa shamba halikumalizika kwa miguu, alipewa pikipiki. Tangu wiki ya kwanza hakuiendesha peke yake. Ngano ilikuwa imefunga njia zote za zamani. Mama aliyezoea kukatiza moja kwa moja kwenda zahanati sasa alizunguka ukingo wa shamba nusu siku nzima. Kwa hiyo wanawake walimngoja barabarani, naye alisimama. Walikaa upande, miguu yote kushoto, mtoto mgongoni, debe mapajani. Kwenye mteremko Zita alizima injini kubana petroli, na katika ule ukimya ndipo waliposalimiana vizuri na kupeana habari.

Mkuu wa karakana alikuwa Mkanada ambaye wafanyakazi walimwita Rasi. Alikuja na pikipiki yake mwenyewe, kubwa, ndani ya sanduku la mbao. Kila Jumapili alivaa koti la ngozi na helmeti katikati ya jua, akaenda mbio mpaka Mogitu, akageuza, akarudi. Hakuleta hata chumvi. Hakumpitia mtu yeyote kumjulia hali. Vumbi lake liliwafunika waliokuwa wakitoka kanisani, na Zita alizidi kumchukia.

Asubuhi moja Rasi alimsimamisha karakanani mbele ya mafundi.

"Jana ulibeba watu wawili na mbuzi."

"Kondoo," Zita akamsahihisha.

"Kwetu mtu hununua pikipiki ili awe peke yake. Anapanda, anasahau watu wote. Wewe umeigeuza punda."

"Kwetu mtu mwenye nafasi nyuma yake akiwapita wanaotembea, tunamwita mchoyo. Wewe unaitwa hivyo hapa. Hujaambiwa tu."

Mafundi waliinamia vyuma vyao. Rasi akawa mwekundu mpaka masikioni. Alichukua spana, akavifungua vikanyagio vya abiria kwenye pikipiki ya Zita, kimoja kimoja, akavitupa kwenye pipa la vyuma chakavu.

"Pikipiki ya shamba ni ya mtu mmoja," alisema. "Wakianguka, nalaumiwa mimi."

Hapo hakusema uongo. Mwezi uliotangulia Genoveva, mke wa mlinzi, alikuwa ameteleza kutoka kwenye kiti cha pikipiki hiyo akateguka mkono. Zita alilijua hilo vizuri, na bado aliendelea kuwabeba.

Jumapili moja alikuwa anarudi kutoka misa akiwa na mama Fransiska, jirani yake mtu mzima mwenye miguu iliyovimba. Walipofika kwenye korongo waliona pikipiki kubwa imelala magurudumu juu. Rasi alikuwa hatua chache chini yake, ameegemea udongo, jasho linamtiririka. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti.

"Kalete gari," alisema.

"Magari yote yamekwenda Katesh. Labda jioni."

"Nitangoja."

"Haya, ngoja," Zita akasema, na kweli akageuka kuondoka.

Mama Fransiska ndiye aliyemkemea. "Zita! Huyu naye ana mama yake huko kwao. Rudi hapa."

Waliufunga mguu kwa kitenge cha mama Fransiska na vijiti viwili, wakamwinua. Mama Fransiska alisema atatembea, akaanza kutembea na miguu yake ile. Rasi alikaa nyuma ya Zita, mguu unaning'inia, hakuna pa kuukanyagisha. Zahanati ilikuwa kilomita kumi na mbili.

"Polepole!"

"Si unapenda mbio?"

Rasi alimshika kiuno akatukana kwa Kiingereza, na Zita alielewa sehemu kubwa. Kulikuwa na mashimo ambayo angeweza kuyakwepa. Hakuyakwepa. Kila Rasi alipopiga kelele, Zita alisikia utamu kifuani, halafu akaogopa, halafu shimo lingine likafika. Baadaye aliungama. Padri alimuuliza ni mashimo mangapi, akasema mawili. Yalikuwa zaidi.

Wiki tatu zikapita. Rasi, mguu ukiwa kwenye plasta, aliandika barua kwa meneja: mfanyakazi Zita Bura alitumia pikipiki ya shamba siku ya Jumapili, tena akiwa na abiria, kinyume cha amri.

Meneja, mzee Joakimu, aliwaita wote wawili ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni kweli ulikuwa na abiria?"

"Nilikuwa nao wawili. Wa kwanza mama Fransiska. Wa pili ndiye aliyeandika hiyo barua."

Joakimu alizitazama karatasi zake. Rasi alitazama dirisha.

"Amri ni amri," Joakimu akasema hatimaye, akanyoosha mkono apewe ufunguo wa pikipiki.

Msimu uliofuata Zita alikagua kwa miguu. Alipoifikia sehemu ya mbali kabisa, unga wa rangi ya chungwa ulikuwa umeshaipaka sketi yake mpaka magotini; kutu ilikuwa imekaa huko siku nyingi. Ngano ile haikuvunwa, na lawama alibebeshwa yeye. Aliandika barua ya kuomba uhamisho wa kwenda Mbulu, akakubaliwa haraka kuliko alivyotegemea, na hilo nalo lilimuuma.

Siku ya kuondoka alikuwa amepanda lori la mizigo, wanawake waliokaa juu ya magunia wamejisogeza kumpa nafasi, Rasi alipotokea karakanani akichechemea na fimbo.

"Mguu umepona," alisema. "Daktari alisema ningechelewa, wangeukata."

Zita alingoja maneno yaliyobaki. Hayakuja.

"Vizuri," alisema. "Utaenda tena Mogitu."

Dereva aliwasha injini. Rasi akanyoosha mkono juu ili waagane. Zita alikuwa ameshika ubao wa lori kwa mikono yote miwili, na hakuuachia.