Mwenye Leseni na Mwenye Shabaha

Kijijini kwetu Tamarinau kila mtu alijua kwamba bunduki ya Alfonso Rufino hupigwa na mkewe, Leonsia. Padri alijua, mwalimu alijua, hata mbwa walijua, maana bunduki ikishushwa ukutani walimkimbilia Leonsia wala hawakumtazama bwana wa nyumba. Serikali peke yake ndiyo iliyokuwa haijui. Serikali ilikuwa na karatasi, na karatasi ilisema Alfonso.

Marehemu Alfonso, Mungu amlaze pema, alikuwa mtu mwema na fundi hodari wa kushona matandiko ya farasi, lakini shabaha hakujaliwa. Mara ya mwisho kujaribu alitoboa pipa la maji ya mvua la kanisa. Leonsia alifundishwa kulenga na baba yake, ambaye hakupata mtoto wa kiume na hakuona sababu ya kulia kwa ajili hiyo. Siku walipokwenda kuomba leseni, wakiwa bado maharusi, ofisa aliuliza swali moja tu: mwenye nyumba ni nani? Alfonso akainua mkono, akaandikwa.

Miaka arobaini na moja ikapita hivyo. Kila Januari Alfonso alivaa viatu, akapanda lori siku mbili mpaka mji wa Lethem kwenda kulipia leseni. Leonsia alivua viatu, akaingia msituni. Risasi walizoruhusiwa kwa mwaka zilikuwa chache, kwa hiyo alijifunza kutopoteza hata moja. Na kwetu nyama ya msituni hailali nyumba moja. Akiangusha swala, paja huenda kwa shemeji, mbavu kwa jirani, ini kwa mzee asiye na meno. Kijiji kizima kilikula mkononi mwake, na waliokula wakamtania: "Mmoja ana karatasi, mwingine ana nyama!" Naye alicheka nao.

Alfonso akafa kwenye mvua za Juni, kwa homa ya mapafu. Leseni ikafa naye, ndivyo sheria inavyosema. Sisemi kwamba sheria ya bunduki ni mbaya. Tumezika vijana waliopigwa risasi kwenye machimbo ya dhahabu, tunajua chuma kile kinafanya nini. Kinachoniwasha ni sheria inayomkagua mtu bila kumtazama usoni.

Wengine walimshauri aifiche bunduki chini ya paa. Leonsia akakataa. Aliifunga kwenye gunia, akapanda lori na kwenda kuikabidhi mwenyewe kituo cha polisi, akaomba iandikwe kwa jina lake. Ofisa wa leseni alikuwa kijana wa pwani, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Pole na msiba, mama," akasema. "Tujaze fomu. Umewahi kutumia bunduki?"

"Tangu kabla hujazaliwa."

Kijana akaweka kalamu chini. "Ngoja, mama. Leseni ilikuwa ya mumeo. Nikiandika hivyo, nitakuwa nimekuandikia kosa la miaka arobaini."

"Basi andika sijawahi."

"Nikiandika hujawahi, hapa chini wanataka uzoefu. Hutapata."

"Sasa unataka niseme nini?"

Kijana akakuna kichwa. "Una mtoto wa kiume?"

"Nina mabinti."

"Mkwe je? Mkwe atafaa. Mkuu wa kijiji amwandikie barua tu, mambo yaishe."

Kama angemtukana, Leonsia angejua pa kuitupa hasira yake. Lakini kijana alimletea maji ya kunywa, akampa risiti ya bunduki, akamsindikiza mpaka mlangoni. Njia nzima kwenye lori Leonsia alijifunika kanga usoni. Abiria wenzake walidhani anamlilia mumewe, kumbe alikuwa amekasirika mpaka meno yanamuuma.

Mkwe alikuwa Rolando, mume wa binti yake Fidelia, fundi wa pikipiki. Kijana hana ubaya, ila akisikia mlio wa bunduki hufumba macho. Mkuu wa kijiji, ambaye kwetu tunamwita Toshao, alikuwa Sebastio, mdogo wake Alfonso. Huyu alikula nyama ya Leonsia tangu akiwa kijana mwenye chunusi. Akaketi, akachukua karatasi, akaandika bila haya kwamba Rolando ni mwadilifu na mwindaji mzoefu. Wiki tatu, leseni ikatoka. Bunduki ikarudi nyumbani mgongoni mwa Rolando.

"Umeona, shemeji?" Sebastio akamwambia Leonsia. "Utaendelea kupiga kama zamani. Jina ni jina tu."

"Kama ni jina tu, mbona langu halikuandikika?"

Sebastio akacheka, akaomba parakari, pombe yetu ya muhogo. Leonsia akamnyima. Kwetu kumnyima mgeni parakari si jambo dogo, nami naona alistahili kunyimwa.

Mwezi wa Oktoba, asubuhi, kundi la nguruwe pori likavamia mashamba ya mihogo ukingoni mwa msitu. Walikuwa sitini, pengine zaidi, na harufu yao ilitangulia. Watu wakakimbilia nyumbani kwa Leonsia kama walivyozoea. Wakamkuta amekaa anakamua muhogo, maji yake yanachuruzika kwenye beseni.

"Mwiteni mwenye leseni," akasema.

Rolando akafika mbio, jasho linamtoka, bunduki ameishika kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa wenyewe. Akamwinamia mama mkwe wake. "Mama, samahani. Risasi inaingilia wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Kisha wakasikia mihogo inavunjwa kule chini, kicheko kikakatika.

"Muulize aliyeandika kwamba una uzoefu," Leonsia akasema, akimtazama Sebastio aliyekuwa ndiyo kwanza anafika.

"Shemeji, si wakati wa kununa! Wanamaliza mihogo!"

"Wanaanza na yangu. Shamba la kwanza pale ni la nani?"

"Basi inuka!"

"Siinuki. Nimewapigia miaka yote kwa jina la mume wangu, maana nilimpenda. Kwa jina la Rolando sipigi. Hata nikilala njaa, sipigi."

Fidelia akalia, akamsihi mama yake. Leonsia akaendelea kukamua. Lilikuwa shamba lake, alililima kwa mgongo wake, na alisikia kila shina likivunjika. Mwishowe mtu mmoja akamwonyesha Rolando jinsi ya kujaza risasi, Rolando akashuka, akafumba macho, akafyatua. Nguruwe wakatoka kwenye shamba la Leonsia wakahamia la pili, ambalo lilikuwa la Sebastio. Walikaa humo mpaka jua likawa kichwani.

Jioni Sebastio akaja na daftari la shule. Hakukaa mpaka alipokaribishwa.

"Niandike nini, shemeji?"

"Nimekulisha miaka arobaini na moja. Andika ulichokula."

"Hiyo karatasi itakufunga. Ni ushahidi dhidi yako."

"Andika."

Akaandika. Aliandika swala wa harusi yake mwenyewe, na nguruwe wanne wa mwaka wa ukame. Majirani wakasikia, wakaja mmoja mmoja, kila mtu akitaja alicholishwa. Bibi Konsuelo, asiyeona vizuri, alipiga kelele kutoka mlangoni, "Usisahau yule swala wa ubatizo wa mjukuu wangu! Alikuwa na mafuta, tulitokwa na udenda!" Mwalimu akatia sahihi. Wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Rolando naye akaandika, kwa herufi kubwa, kwamba yeye hajui kupiga na hakuwahi kujua. Karatasi zikafika saba.

Leonsia akapanda lori lile lile. Kijana wa pwani akamkumbuka, akampa kiti, akaanza kusoma. Ukurasa wa kwanza alitabasamu. Wa pili akaacha kutabasamu. Alipofika wa saba akainuka akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "nikiipokea hii siwezi kujifanya sijaisoma. Utapewa leseni au utapelekwa mahakamani. Mimi sijui ni kipi, na si mimi nitakayeamua. Irudishe nyumbani. Nitasema hukuja."

Leonsia akaweka gunia lake dogo juu ya meza, akalifungua ili kijana aone: magauni mawili, kanga ya kujifunika, mswaki, na unga wa muhogo wa wiki mbili.

"Nimekuja," akasema. "Gonga muhuri."