Koo la Masalu

Masalu hakuwa mtu wa maji. Kwao Kishapu, maji mengi aliyoyajua ni ya lambo la ng'ombe, na hayo hukauka mwezi wa nane. Alipofika chuoni kwetu, kando ya ziwa upande wa Geita, tulimcheka tukashika mbavu siku aliyoingia mtumbwini kwa mara ya kwanza, amekamata kingo kwa mikono miwili.

Lakini sauti alikuwa nayo. Alilelewa na bibi yake, Mageni, kwenye mashamba ya pamba, ambako watu hulima kwa wimbo: mmoja anaanzisha, majembe yote yanafuata. Na kwao anayeimbisha haimbii shamba lake tu. Jirani anayelima ng'ambo ya mpaka naye hulima kwa wimbo huohuo, wala hakuna wa kumnyima. Basi Masalu akauhamishia wimbo wa jembe kwenye makasia, nasi tukaenda.

Chuo kilikuwa na mitumbwi miwili, watu wanane kila mmoja. Katika wetu aliyeimbisha ni Masalu. Nahodha wa ule wa pili alikuwa Benjamini, rafiki yake wa chumba kimoja. Kila Jumamosi tulishindana kwa mazoezi, kutoka mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, hadi kwenye jiwe kubwa lililochomoza ziwani na kurudi, na kila Jumamosi tulikuwa nguvu sawa. Leo wao wanatangulia kwa urefu wa kasia, kesho sisi. Mwalimu Onesmo, aliyetufundisha, alikuna kichwa mpaka akachoka.

Wiki moja Masalu akalala na malaria. Mitumbwi yote miwili ikaenda ovyo. Aliposimuliwa akaelewa, na mimi niliyekaa nyuma yake kila Jumamosi nikaelewa pia: siku zote Benjamini na wenzake walikuwa wakipiga kasia kwa wimbo wetu.

Ukaja mchujo. Mtumbwi utakaoshinda ndio ungekwenda kwenye mashindano Mwanza. Mama yake Benjamini anauza dagaa huko, na alikwisha kuwatangazia wenzake sokoni kwamba mwanawe anakuja. Masalu alilijua hilo kuliko sisi sote. Hata hivyo akatuambia, "Kesho siimbi. Nitagonga sakafu kwa kisigino, ninyi sikilizeni kwa miguu."

Hakuna aliyebisha. Mimi hata nilipiga makofi, Mungu anisamehe.

Tuliwaacha mbali. Wenzetu walipapasa maji kama watu waliozimiwa taa. Tulipokuwa mwaloni tukishangilia, Benjamini akaruka majini akaja moja kwa moja kwa Masalu, akimwita kijana kwa Kisukuma kama kawaida yake.

"Koo linauma, nyanda? Mbona hukusema? Ningemwomba mwalimu aahirishe."

Masalu akaitikia kwa kichwa. Jioni ile Benjamini akamchemshia tangawizi, akatia asali, akakaa pembeni ya kitanda mpaka kikombe kikaisha. Masalu aliinywa yote. Nilimchukia, nikajichukia na mimi.

Mwanza tulishika mkia. Masalu alifungua mdomo, wimbo ukatoka vipande vipande. Mama Benjamini alikuja na wenzake watano ingawa mwanawe hakuwamo, kwa kuwa ahadi ni deni, akatushangilia mpaka mtumbwi wa mwisho ukafika, nao ulikuwa wetu.

Leo Masalu anafundisha hesabu Kishapu. Msimu wa kulima watu humwomba aimbishe, naye husema sauti imekufa. Uongo mtupu, nimemsikia akiita ng'ombe. Aibu ndiyo iliyomkaba, na inamstahili, kama inavyonistahili mimi.

Benjamini yuko mgodini Geita. Kila mwaka mvua zikianza humpigia simu kumjulia hali, na hakosi kuuliza. Mwaka huu nilikuwa nimekaa kando ya Masalu, nikasikia kila neno.

"Na lile koo, lilipona kabisa?"

"Lilipona, ndugu yangu."

Alipokata simu akaniambia mwakani atamweleza ukweli. Mwaka jana alisema hivyohivyo.