Tairi za Theluji Zilivyotuumbua Shelui

Kosa ni langu, jamani. Naanza na hilo kwa sababu hapa mtaani Utemini, Singida mjini, kila mtu ana maelezo yake. Wapo wanaosema gari lilirogwa, wapo wanaosema shemeji yangu ana mkosi. Hakuna uchawi, hakuna mkosi. Ni mimi na mdomo wangu.

Nina kaka Dar es Salaam anayeagiza magari ya mtumba kutoka Japani. Siku hizi milango iko wazi, mtu analichagua gari kwenye simu na meli inalileta. Akaniletea mimi gari dogo la umeme. Halinywi mafuta! Unalichaji nyumbani kwenye soketi ya ukutani, kama simu. Nilitamba nalo, sitawaficha. Nilikuwa napita sokoni polepole, vioo vimeshushwa, ili watu wasikie kwamba hakuna wanachosikia.

Sasa lile gari lilikuja na tairi za theluji, vilevile lilivyotoka Japani. Kaka alinionya waziwazi. "Dada, hizi ni za kwenye barafu. Mpira wake ni laini, na kwa jua la huko kwenu utakuwa kama bazoka iliyotafunwa. Gari litatumia nguvu nyingi kujivuta na chaji itaisha haraka. Zivue."

Mume wangu alisikia. Mtu mwema yule! Akaninunulia tairi nne za kawaida, mpya kabisa, akaniambia nizipeleke kwa fundi zifungwe.

Kwa fundi nilienda, ndiyo. Ila nilizibadilisha zile tairi na redio yenye spika kubwa, pamoja na taa za buluu za kubandika chini ya gari. Taa za chini ya gari, jamani! Nikarudi nyumbani nikasema nimeshafungiwa. Mume wangu akatazama, akaona tairi nyeusi, akaridhika.

Na wala sikujiona mwongo, maana nilikuwa na sayansi yangu. Gari la umeme ukikanyaga breki, mota yake inageuka kama dainamo ya baiskeli. Inazuia magurudumu huku inarudisha umeme kwenye betri. Nilikuwa nimeona video, Wazungu wako kwenye theluji, wanasema tairi zile zinasaidia breki kurudisha umeme kwa sababu gurudumu halitelezi. Sikuimaliza video. Nikajiamulia mwenyewe: kama zinarudisha umeme kwenye barafu, kwenye lami kavu ya Singida si zitaurudisha mpaka umwagike!

Basi shemeji yangu Elia, mdogo wake mume wangu, akapata mchumba Shelui. Tukapanga kwenda kujitambulisha kwao. Kujitambulisha tu, vitenge na sukari, mambo ya mahari baadaye. Mume wangu alikuwa kazini, akasema tukodi gari. Nikakasirika! Tukodi gari wakati mimi nina gari?

"Shelui ni mbali, chaji itafika?" akaniuliza.

"Tukishuka Sekenke betri inajaa yenyewe," nikamjibu. "Mlima wote ule ni umeme wa bure."

"Na tairi ulizofunga ni zile nilizonunua?"

"Zilezile."

Mungu anisamehe.

Tukaondoka asubuhi. Mama mkwe mbele, amevaa vizuri, Elia nyuma amebanwa na vikapu, redio inapiga kwaya mpaka milango inatetemeka. Jua likapanda. Lami ikaanza kuwaka, na mimi nikaanza kusikia tairi zinalia kwa chini, kama mtu anabandua plasta taratibu. Chaji ilikuwa inashuka huku naiona. Tulipokaribia Sekenke sindano ya chaji ilikuwa chini kabisa.

"Mwanangu, hiyo taa nyekundu ni ya nini?" mama mkwe akauliza.

"Ni ya kutukaribisha Sekenke, mama."

Tukaanza kushuka. Kweli, sindano ikapanda kidogo! Nikapiga kigelegele. Lakini kidogo ndiyo kidogo hichohicho. Nguvu ya mteremko ambayo ingerudi kwenye betri ilikuwa inaliwa na ule mpira laini unaong'ang'ania lami. Mbele tukakuta wanatengeneza barabara, kokoto zimetapakaa. Nikakanyaga breki kwa tamaa, nikikusanya umeme. Magurudumu yakateleza, na gari likaona hatari, likazima breki ya umeme na kushika ile ya kawaida. Tukamaliza mlima betri ina kitu cha kulamba tu.

Chini kule, kwenye tambarare, Shelui ikiwa karibu kabisa, gari likakata moto. Yaani kama lingekuwa na moto. Lilinyamaza tu.

Elia akashuka kutafuta msaada. Alirudi na mzee mmoja anaitwa Mzee Msengi, aliyekuwa analima shamba la jirani kwa maksai wake wawili.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Gari limeishiwa mafuta?"

"Halitumii mafuta, mzee. Ni la umeme."

Akalizunguka, akachungulia chini, akaziona zile taa. "Na wewe unakwenda wapi na umeme?"

Akafunga mnyororo, ng'ombe wakaanza kuvuta. Taratibu, kwa heshima zote. Mama mkwe akajifunika kitenge usoni.

Hapo ndipo shetani akanipitia mara ya pili. Niliwasha swichi, nikaona magurudumu yanazunguka, nikajiambia, si hii ndiyo dainamo? Nikakanyaga breki kidogo. Sindano ikatikisika! Ng'ombe wakapunguza mwendo. Nikaachia, wakaenda. Nikakanyaga tena, wakaanza kuhema. Jamani, nilikuwa nachaji gari kwa ng'ombe wa watu!

"Hawa wamepatwa na nini?" Mzee Msengi akalia. "Asubuhi walikuwa wazima!"

Mama mkwe akaanza kuwaombea. Alikemea pepo, kwa sauti, na mimi nikaitikia amina huku mguu uko kwenye breki.

Mpaka mmoja akapiga magoti barabarani. Nikaogopa, nikaacha kabisa.

Tukaingia nyumbani kwa kina binti. Sasa sikilizeni. Ukoo mzima ulikuwa uwanjani unasubiri wageni. Wakaona ng'ombe wawili wamenona wanaingia na bwana harusi nyuma yao. Vigelegele! Mjomba wa binti, Mjomba Yona, akainua mikono. "Hawa ndio wakwe! Wengine wanakuja kujitambulisha na sukari, hawa wameanza na ng'ombe!"

Kabla hatujafungua mdomo, vijana walishawafungua nira na kuwapeleka zizini. Mzee Msengi akashikwa mkono, akakalishwa kwenye kiti cha mshenga, akaletewa maji ya kunawa.

Mama mkwe akanong'ona, "Nyamaza kwanza. Tumeheshimika."

Nikanyamaza! Nikala ugali na kuku, nikanyamaza. Elia anatoka jasho, mimi nanyamaza. Mjomba anawasifia ng'ombe, mimi natikisa kichwa kwamba ndiyo, wazuri.

Mzee Msengi alipomaliza kula akasimama, akafuta mikono. "Chakula kitamu, ahsanteni sana. Sasa naomba ng'ombe wangu, nina shamba la kumalizia."



"Ng'ombe wako?" Mjomba Yona akauliza. Kisha akamgeukia Elia. "Kijana, umekuja kutuchezea?"

Elia akanitazama. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Nikamwona binti mlangoni, kashika trei. Nikajua nikiendelea kukaa kimya, ndoa imekufa.

Nikapiga magoti palepale. Nikasema yote. Tairi za theluji, redio, taa za buluu, uongo kwa mume wangu, breki niliyowakanyagia ng'ombe wa mzee wa watu. Mama mkwe aliposikia pepo alilokuwa anakemea ni mguu wangu, alikaa chini kwenye vumbi na kitenge chake kipya.

Aliyecheka kwanza ni binti. Alicheka mpaka trei ikaanguka. Mzee Msengi akafuata, "Nilijua! Ng'ombe wangu hawana pepo!" Wakacheka wote, isipokuwa Mjomba Yona.

"Binti tunatoa," akasema. "Lakini tumeshapiga vigelegele vya ng'ombe wawili, havirudi mdomoni. Na watakaowaleta si ukoo. Atawaleta huyu mwongo, kwa mkono wake."

Jioni nikampigia mume wangu nikamweleza. Hakugomba. Aliuliza tu, "Na kwaya ilikuwa inasikika vizuri?" Afadhali angenitukana.

Gari nimeliuza nikanunua ng'ombe. Elia ameoa, mkewe ni rafiki yangu sasa, ila kila akiniona anatazama miguu yangu.

Ndugu zangu mnaoagiza magari ya Japani, zikagueni tairi. Zikiwa za theluji, zivueni siku hiyohiyo, hapa kwetu hakuna theluji na haitakuja. Mkiona video, imalizeni. Na wewe dada ambaye mumeo amekununulia kitu kizuri na umeshakibadilisha na upuuzi, mwambie leo, mkiwa wawili jikoni. Usisubiri kumwambia mbele ya ukoo wa watu, umepiga magoti, na ng'ombe wanakutazama.