Kamati ya Wachezaji wa Kombe la Fahali

Kombe lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa Songambele, mwenye duka na mashine ya kusaga. Vita vya mpakani vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma, sabuni na chumvi bado zilikuwa adimu, na yeye alitupatia kitu cha kungojea baada ya msimu wa kahawa. Timu za vijiji zilicheza, mshindi akaondoka na fahali. Siku ya fainali fahali alifungwa nyuma ya goli ili kila mtu amwone.

Mwaka ninaoukumbuka, fainali ilikuwa kati yetu wa Kamuli na vibarua wa Bugomora. Wazazi wa wengi wao walitoka Rwanda. Walilima mashamba ya watu na kucheza pekupeku, na walitufunga mbili bila. Nahodha wao alikuwa ameshaanza kufungua kamba ya fahali pale mwenye kombe alipomzuia.

"Ngoja kwanza. Kombe hili ni la wenyeji."

"Wenyeji gani, mzee? Mimi nimezaliwa hapa. Kahawa yako nimeipalilia mimi."

"Kupalilia sawa. Fahali ni jambo jingine."

Watu wachache walicheka. Kanuni hiyo hakuna aliyewahi kuisikia kabla ya filimbi ya mwisho. Fahali akarudishwa kwa mwenyewe.

Msimu uliofuata hakuna timu iliyojiandikisha, na hata mahindi watu walianza kuyapeleka mashine nyingine. Mfanyabiashara akatuita wachezaji wa timu tatu zilizobaki bila Bugomora. Alituwekea rubisi, pombe ya ndizi, akaonja yeye kwanza kwa mrija kama mwenyeji anavyopaswa, kisha akasema tupange wenyewe tunavyotaka. Ndipo tulipounda kamati ya wachezaji. Kanuni zingesomwa uwanjani kabla ya mechi ya kwanza, na zisingebadilishwa bila sisi. Mwamuzi tungemchagua sisi. Fahali angekaa kwa katekista tangu mwanzo. Mzee alikubali yote, akaongeza kwamba Bugomora wakirudi watapewa pia fahali wao wa mwaka jana.

"Wasiporudi," nahodha wetu alituambia njiani, "sisi ni pambo la duka lake tu."

Nilitumwa mimi kuwaita, kwa kuwa nahodha wao aliwahi kufanya kibarua kwetu. Nilimkuta shambani. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo, nikamwamkia.

"Marahaba," alisema. "Kumbe ukifungwa mbili unapewa kamati?"

Nilimweleza kila kitu. Alisikiliza ameegemea jembe.

"Na akibadilisha tena?"

"Tunaacha kucheza wote."

"Mwaka jana mliacha?"

"Mwaka jana kamati haikuwepo."

"Watu walikuwepo."

Hakusema kwa hasira. Alinichukua hadi nyuma ya nyumba, ulipokuwa uwanja wao wa mazoezi. Ulikuwa umelimwa wote, kutoka goli hadi goli, na maharage yalikuwa yameshatoa majani. Nguzo za goli la upande wa juu walikuwa wamezing'oa wakajengea choo.

"Ninaamini unachosema," alisema. "Hata yeye huenda safari hii anasema kweli. Lakini vijana wangu nitawaambia nini? Wang'oe maharage?"

"Basi njooni mchukue fahali wenu."

"Tumfuate tena pale, watu wakitutazama?" Akatikisa kichwa. "Wasalimie nyumbani."

Nilirudisha jibu hilo kwenye kamati. Mfanyabiashara alikuwepo, akanisikiliza hadi mwisho.

"Sasa wanataka nini zaidi?" aliuliza, na nadhani aliuliza kwa dhati.

Tulipanga ratiba ya timu tatu. Kanuni zilisomwa, mwamuzi alichezesha vizuri, na mshindi alikabidhiwa fahali wake palepale. Sikuona ugomvi hata mmoja. Watazamaji walikuwa wachache, wengi wao ndugu zetu, na walianza kuondoka kabla ya mapumziko. Baada ya mwaka ule kombe halikuchezwa tena.