Mwinyimvua na Rangi ya Miyaa

Baba mdogo Mwinyimvua ni fundi wa makuti. Mtu wa hapa kwetu Dimani akitaka kuezeka jiko au banda la kuku, anamwita yeye. Anakuja na kisu na kamba, anapanda juu, na mpaka anashuka hajasema neno. Siku hizi wengi wanaweka bati, basi anashinda nyumbani kuliko zamani.

Ramadhani hii ikawa bahati, maana mkewe, mama mdogo Hajira, alikuwa hospitali Mchukwi. Alizaa kwa kupasuliwa. Baba mdogo akabaki na watoto wawili: Nasma wa miaka mitatu, na Ussi wa mwaka mmoja na nusu ambaye kila anachookota anakitia mdomoni.

Wanaume wenzake wakipita wanamtania. "Fundi, leo unaezeka nini?"

"Makalio ya Ussi," anajibu, huku anafunga winda.

Idi ilipokaribia, mama mkwe wake akapiga simu kutoka Mbwara. Bi Zabibu huyo, mwanamke wa maneno machache na yote amri. Alisema anakuja kuwachukua wajukuu wake, wakae naye mpaka Hajira apone kabisa, kwani mwanamume hajui kulea. Baba mdogo aliitika "Naam, mama," simu ikakatika, akakaa juu ya mbuzi ya nazi kama amepigwa.

"Ungemwambia hapana," nikamwambia.

"Mkwe anaambiwa hapana?"

Kweli. Haambiwi.

"Hajira anataka akirudi awakute wanawe hapa," akasema. "Tena mimi mwenyewe siwezi kulala bila kelele zao." Akafikiri, kisha akainuka. "Akikuta nyumba hii imeshapambwa kwa Idi, labda atawaacha."

Basi akaanza na anachokijua. Alichana jani bichi la mnazi, akawasokotea saa, miwani na pangaboi la kukimbia nalo. Nasma alivaa saa tatu mkono mmoja. Ussi alitafuna miwani yake. Lakini baada ya muda mfupi vyote vilikuwa chini, na Nasma anavuta kisu cha baba yake, anataka kufanya mwenyewe. Nilimwona Baba mdogo akimtazama, na nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba mtoto mdogo hana haja ya kutengenezewa kitu kizuri. Anataka aharibu mwenyewe mpaka kitu kitokee.

Akapasua mifuko mitupu ya saruji, akatoa karatasi ya ndani iliyo safi, akawapa waichane wanavyotaka. Walichana kwa raha zote. Vile vipande akavitoboa, avitunge kwenye uzi vining'inie mlangoni. Akakata bamia karibu na kikonyo, maana bamia ikikatwa ina ua la pembe tano ndani yake, na kikonyo mtoto anakishika vizuri. Unachovya kwenye rangi, unagonga karatasi, ua limetoka. Hata Ussi aliweza.

Ila rangi. Rangi aliitoa kwenye kapu ambamo Hajira huweka ukili anaosuka.

Mwanamke yeyote wa hapa angepiga kelele. Ile ni rangi ya kuchemshia miyaa, yale majani ya kusukia mikeka, unga wa zambarau, na sisi tunaikoroga kwa kijiti kwa sababu ikishika mkono haitoki. Lakini yeye ni mtu wa makuti, na makuti hayatiwi rangi. Nilipofika na ndoo yangu ya maji, bamia zilishatupwa, watoto wanagonga kwa viganja. Ussi alikuwa zambarau mpaka masikioni.

"Mdomo nimemlinda," Baba mdogo akanihakikishia. Na mikono yake yeye imeiva zaidi ya yao.

Nilikuwa sijamaliza kumweleza kwamba rangi ile haitoki, bodaboda ikasimama. Bi Zabibu akashuka, akatoa salamu, akatazama mapambo mlangoni. Kwa kweli yalipendeza. Nikaona uso wake unalegea kidogo. Halafu Nasma akamkimbilia, "Bibi! Maua!" akamkumbatia magoti, na kanga ya bibi ikapata viganja viwili.

"Yarabi! Rangi gani hii?"

Baba mdogo alichuchumaa, macho chini. "Ya miyaa, mama."

Tulisugua kwa majivu, tukasugua kwa ndimu, tukasugua kwa sabuni ya mche. Ussi alisinzia ndani ya beseni. Maji yalibadilika rangi, watoto hawakubadilika.

"Mbwara nitawapitishaje hawa, tena Idi?" Bi Zabibu alisema mwishowe, kajishika kiuno. "Watu waseme wajukuu wa Zabibu wana ugonjwa gani?"

"Itatoka lini, mama?"

"We ndiye uliyepaka, unaniuliza mimi?" Akauchukua mfuko wake wa nguo. Nikadhani anaondoka. Akaupitisha ndani. "Nionyeshe pa kulala. Na hicho kisu kiweke juu, nyumba ina watoto hii."

Baba mdogo aligeukia ukuta ili asionekane anacheka.

Idi pili bajaji ikamleta mama mdogo Hajira na kichanga chake. Nasma na Ussi walikuwa kizingitini, kanzu nyeupe, gauni jipya, na mikono ya zambarau. Hajira akaanza kucheka, akajishika tumbo. "Jamani, nyuzi zangu! Msinichekeshe!" Kisha akamgeukia mama yake. "Nawe mama, si ulikuja kuwachukua?"

"Nitawachukua wakitakata," Bi Zabibu akajibu, na kumpokea mtoto. "We Mwinyimvua, unasimama nini? Kuni! Mzazi hajanywa uji wa pilipili manga."

Baba mdogo akaenda mbio kutafuta kuni. Nasma akamfuata, na Ussi akamfuata Nasma.