Futi Mpaka kwenye Jicho

Walimwita Futi, naye aliitika, maana ukifika umri wake ukakataa jina, watu hawakuiti kabisa. Kazi yake kwenye filamu ilikuwa fokasi. Mpiga kamera anatazama picha ikae vizuri, mwongozaji anafoka, waigizaji wanalia na kucheka. Futi yeye anazungusha ringi ya lenzi, taratibu, ili uso wa mtu anayesogea usiingie ukungu. Akipatia, hakuna anayejua kama yupo. Akikosea kidogo tu, anajua kila mtu, hata mwenye birika la chai.

Ili asikosee, alipima. Kabla ya kila kipande alichomoa futi mfukoni, akanasa ncha yake kwenye kamera, akaivuta mpaka kwenye jicho la mwigizaji na kusimama pale akisoma, karibu kiasi cha kusikia mtu anavyopumua.

Sasa, nyumbani alikuwa na chumba, kitanda, na viti viwili, kimoja cha kuwekea nguo. Mkewe alishatangulia. Binti yake aliolewa mbali. Akipiga simu anauliza afya, baba anajibu nzuri, simu inaisha. Jirani ukuta kwa ukuta, lakini Futi hakuwa mtu wa kubisha hodi bila sababu. Aliona ni kujipendekeza, na kujipendekeza hakukuwa kwake. Kwa hiyo futi ndiyo ilikuwa sababu yake. Ukiwa nayo mkononi unaweza kumsogelea mtu yeyote na asikuulize umefuata nini.

Katika filamu moja alikuwamo mwigizaji mzee, aliyecheza bibi mwenye nyumba. Wote wakamwita Bibi hata akiwa anakula. Futi alimwita mama.

"Shikamoo mama. Naomba jicho."

"Marahaba. Lichukue, ila ulirudishe." Futi inavutwa. "Ngapi leo, fundi?"

"Sita kasoro."

"Jana ilikuwa saba. Nimekonda, au unanibania kitambaa? Usije ukanishonea gauni la kuishia magotini."

"Magotini pazuri, mama. Hewa inapita."

Basi, ni hayo tu. Anarudi kwenye kamera yake akiwa ameshiba, na siku inakwenda.

Halafu kikaletwa kijidude. Kijisanduku cheusi, unakipachika juu ya kamera na chenyewe kinasema mtu yuko umbali gani. Mpiga kamera, kijana mwenye adabu zake, alimwita pembeni.

"Mzee wangu, sasa unapumzika. Hakuna kuinama wala kuvuta futi. Utakaa kule nyuma ya pazia, una skrini yako na gurudumu lako, unaendesha fokasi kwa mbali."

"Sawa," Futi akasema.

Akakaa nyuma ya pazia jeusi, peke yake na kiskrini cha kuvaa shingoni. Na kijidude kilifanya kazi. Hilo ndilo lililomuuma, maana kingeharibu angalau angepata la kusema. Nyuso zilikuja kwenye skrini safi, anaona kope moja moja, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba anatazamwa na yeye. Alimsikia Bibi ng'ambo ya pazia akiuliza, "Yule fundi wangu anaumwa?" Mtu akamjibu yupo, yuko na mitambo.

Siku moja wakati wa chai alipiga moyo konde, akamwendea mikono mitupu. Akafika. Bibi akainua macho kutoka kwenye kikombe, akasubiri.

"Nimekuja kuangalia waya."

"Waya upi?"

"Huo wa hapo chini."

Pale chini palikuwa na sakafu tu. Bibi aliitazama, akamtazama na yeye. "Haya, uangalie."

Akachuchumaa mzee wa watu, akaangalia sakafu, akasema uko salama, akaondoka zake.

Siku ya mwisho ya Bibi ikafika. Alikuwa na kipande kimoja: amelala kitandani, anamwita mwanawe, anakata roho. Baada ya hapo dereva anampeleka kwao na kazi yake imekwisha. Taa zikawashwa. Mwongozaji akauliza kama wote wako tayari, wote wakasema tayari. Nyuma ya pazia hakukujibu mtu.

Futi alitoka na futi mkononi. Akanasa ncha kwenye kamera.

"Mzee, hatuihitaji hiyo," mpiga kamera akasema kwa sauti ya chini.

"Najua," Futi akasema, akaendelea kuvuta.

Watu wakatazamana. Futi akapita kati ya taa mpaka kitandani, akainama.

"Shikamoo mama. Naomba jicho."

"Marahaba." Bibi hakuinua kichwa, alishapakwa poda ya ugonjwa. "Umechelewa mno. Nilidhani umeoa."

"Nani akubali kuolewa na mgongo huu."

"Ngapi leo, fundi?"

Futi aliitazama ile futi asione namba hata moja, zote zimeingia ukungu. Tangu aanze kazi hakuwahi kuivuta bila kuisoma.

"Inatosha gauni, mama," akasema. "Na kitambaa kinabaki."

"La kufika chini?"

"Chini kabisa."

"Haya. Sasa niache nife, watu wana njaa."

Akarudi nyuma ya pazia, akakivaa tena kiskrini. Bibi akafa vizuri, mara moja tu, na jicho lake halikuingia ukungu hata lilipofumba. Makofi yakapigwa, vyombo vikaanza kufungwa. Futi alikuwa bado ameshika gurudumu, anatazama kitanda kitupu kwenye skrini, aliposikia kandambili zikija na kusimama ng'ambo ya pazia.

"Fundi, mimi naenda."

Akataka kuinuka, lakini kile kiskrini kilikuwa kimefungwa kwa mkanda shingoni mwake, na kifungo chake kigumu. "Nenda salama mama," akasema na lile pazia. Kandambili zikaondoka. Alikuwa bado anahangaika na kifungo, na masikio yake, kwa mazoea, yakazipima: futi nane, kumi na tano, mlangoni, nje. Huko nje hakuweza kupima.